Pete Chini ya Kioo

Kazi yangu ni kuhesabu pete.
Si za dhahabu. Hizi huvaliwa na damu:
duara la samawati, kito chekundu ukingoni.
Ukiiona moja, jua kuna mtoto mahali
amechumbiwa na homa bila mahari.

Nakaa Kisian, macho yote mawili kwenye hadubini.
Kidole cha kushoto kinabonyeza pete,
cha kulia kinabonyeza chembe nyeupe,
na kihesabio kinalia ta, ta, ta
kama kuku anayedonoa bati.
Nyeupe zikifika mia mbili nasimama, naandika.
Wekulo atakisoma kioo hichohicho kesho
bila kuona nilichoandika.
Tukitofautiana, yuko wa tatu.

Dawa tunayoijaribu haina jina bado.
Ina herufi mbili na tarakimu tano
kama pikipiki iliyotoka bandarini juzi.
Wanasema tarakilishi ilikisia umbo lake
kabla mkono wa mtu haujaipika,
na kabla yake zilitupwa maelfu:
hii iliua vimelea, ikaua na ini;
hii iliyeyuka tumboni, haikufika popote;
hii iliponya panya,
panya peke yao.
Ikabaki moja. Ikaletwa Kombewa
ndani ya sanduku la baridi lenye kufuli mbili.

Nusu ya watoto wanameza hiyo.
Nusu wanameza ile ya siku zote, ya kunywewa na maziwa.
Vidonge vimefanywa mapacha.
Daktari hajui. Mama hajui.
Mimi ndiye nisiyejua kabisa,
kwangu mtoto ni namba iliyochorwa kwa penseli.
Mficha maradhi kilio humfichua, walisema wahenga.
Na mficha dawa, je?
Hilo hawakulisema.

Jumanne nilikwenda kuchukua trei.
Barazani nikamwona Akeyo, binti wa kaka yangu,
amelala mapajani mwa mamaye,
midomo imekauka kama ganda la njugu.
Hawakuniona.
Niligeuka nikapitia nyuma, kwenye matangi ya maji.

Tangu hapo kila kioo ni Akeyo.
Vinakuja vimechanganywa, asubuhi juu ya usiku.
Kimoja kina pete mia nane.
Kimoja kina tisa.
Kimoja nimekipekua uga baada ya uga
mpaka shingo ikakakamaa, hakina hata moja:
hicho nikamkabidhi Akeyo.
Kilichofuata kimejaa pomoni.
Nikamnyang'anya.

Bahasha ya siri imo ndani ya kabati la chuma.
Ufunguo ulipo napajua.

Mwaka ambao klorokwini ilituacha
nilikuwa na miaka saba.
Mama alimsagia mdogo wetu, Odhuno,
vidonge vile vichungu kwa mgongo wa kijiko.
Alijikuna usiku kucha,
nasi tukafurahi: akiwashwa, tulisema, imemwingia.
Kumbe dawa ilikuwa imekufa zamani,
imekufa Siaya, imekufa Alego, imekufa hapa Seme,
ikiuzwa bado dukani kwa shilingi tano.
Hakuna aliyekuwa akihesabu.

Sikuufuata ule ufunguo.
Sijui kama huo ni uaminifu au woga.
Nilipaka rangi, nikangoja dakika kumi, nikasuuza,
nikaweka tone la mafuta,
nikainama tena.

Jioni nashuka Holo na vidole vya zambarau,
rangi isiyosikia sabuni wala ndimu.
Muuza omena ananishika mkono, anacheka,
anauliza nimepiga kura wapi siku isiyo ya uchaguzi,
na nani anaongoza.
Nampa hela, napokea mfuko.
Bado tunahesabu, mama.
Bado tunahesabu.